Sauti ya Mzee kwenye Hadithi ya Bibi Kola

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Bibi Kola alikuwa amepiga magoti sakafuni, kitambaa cha sare kimetandazwa mbele yake, simu ya mwalimu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Mumewe alikuwa mlangoni akigonga soli. Yeye fundi viatu, mkewe fundi cherehani. Miaka arobaini na mmoja nyuzi zao zilikaa kopo moja, wala hawakuwahi kugombania sindano.

Jina la Bibi Kola alipewa na watoto wa shule. Kola zake hazikujikunja hata shati likifuliwa mpaka likachoka. Shule yenyewe hakuisoma, wala mumewe. Tepu alikuwa nayo, ila aliivaa shingoni kama mkufu, maana namba zilimpiga chenga. Alipima kwa uzi wenye mafundo: fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kifua.

Mwalimu wa darasa la nne, binti wa jirani, aliuona uzi ule akasema, "Bibi, hili ndilo somo langu la vipimo. Kila hatua nitaipiga picha, wewe uieleze kwa mdomo wako. Nitaviunganisha viwe hadithi, watoto waione ukutani."

Picha zilishapigwa. Ilibaki sauti, na simu akaachiwa.

Mzee hakulipenda jambo hilo. Aliona wanakwenda kuchekwa. Asubuhi hiyo akamsikia mkewe akiongea na simu: "Mjukuu wangu, shati ni nyumba. Bega ndiyo paa. Ukikosea bega, kote kunavuja."

Maneno yakamtoka mzee bila kuyatafuna. "Bi mkubwa, acha mchezo. Hata jina lako huwezi kuliandika. Utawafundisha nini watoto wa watu?"

"Chai yako inapoa, baba," alisema Bibi Kola, akaendelea na bega.

Mzee alidhani simu inanasa sauti ya aliye mbele yake tu. Kesho yake kifua kilimbana mkewe. Alikwenda hospitali kwa miguu yake. Hakurudi.

Baada ya miezi miwili mwalimu akaja. "Babu, njoo umsikie bibi."

Alipiga viatu rangi, akaenda. Walimkalisha nyuma, kwenye dawati lililomfikia magotini. Kila mtoto alikuwa na uzi wake wa mafundo. Ukutani ikatokea mikono ya mkewe, na sauti yake ikajaa chumba. Mzee akashika ukingo wa dawati. Shati ni nyumba. Bega ndiyo paa.

Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Na darasa zima likaitikia pamoja nayo, kwa sauti nzito ya kizee: "Utawafundisha nini watoto wa watu?"

Wakacheka. Walishaizoea. Msichana mmoja aliyekosea fundo akaambiwa na jirani yake, "Wewe, utawafundisha nini?" Naye akamjibu, "Chai yako inapoa, baba," akalifungua fundo, akaanza upya.

Mtoto wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo mzee mkali ni nani?"

Mwalimu akatazama dirishani. "Tuendelee na mkono."

Mzee aliinamia viatu vyake vinavyong'aa. Neno lilikuwa moja tu, mimi. Halikutoka. Mdomo uliokuwa mwepesi nyumbani kwake ulikuwa mzito mbele ya watoto wa miaka kumi.

Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto wakatoka. Yeye akabaki.

"Mwanangu, ile sauti yangu ikate. Nakuomba. Nitakutengenezea viatu mpaka nife."

"Babu, nilitaka kuikata mapema. Nilipofuata simu jioni ile, wewe ulikuwa umekwenda kununua ngozi, bibi akanisimulia ulivyomwambia, nikasema nitaikata. Alikataa. Simu ilikuwa bado inarekodi." Akatafuta kidogo, akabonyeza, akamwekea simu mkononi.

Mzee akaisogeza sikioni. Kwanza ulisikika mkasi. Halafu sauti ya mkewe:

"Iache, mwalimu. Yule mzee anaogopa nitachekwa, basi. Ila humo darasani wamo wanaoambiwa hivyo kila siku kwao. Wasikie na mimi nimeambiwa, halafu watazame kama mkasi wangu umesimama."