Goti la Timazi

Tuseme ukweli, hakuna aliyempenda. Walimheshimu, na hilo ni jambo jingine kabisa. Alikuwa mwashi, na watu walimwita Timazi kwa sababu ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni haikumtoka mkononi kwa miaka thelathini. Ukuta wako ukiinama upana wa ukucha, hakukuambia. Aliupiga teke kabla saruji haijashika, kisha akakutukana mbele ya vibarua wote. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi.

Na mtu huyu aliyechukia kombo alizaliwa na matege. Akisimama wima, kuku angepita katikati ya magoti yake bila kuinamisha kichwa. Utotoni walimcheka mpaka akaacha kucheza na wenzake, na mimi naamini kila ukuta alioubomoa alikuwa anakilipizia kicheko kile.

Miaka kumi iliyopita mdogo wake, naye mwashi, alimwongezea mama yao chumba. Ukuta wa zamani ulikuwa umelala kidogo, ardhi iliushusha zamani ukatulia. Mdogo mtu akajenga kwa kuufuata, kwa sababu ukiunga mpya na kuukuu, mpya ndio hufuata. Timazi akaja na kamba yake, akaubomoa ukuta wa ndugu yake, akausimamisha upya ukiwa umenyooka. Mwaka haukuisha, kwenye kiungo pakatoka ufa wa kuingiza vidole viwili. Timazi alisema saruji ilikuwa mbovu. Tangu siku hiyo ndugu yake hamsalimii.

Kisha goti la kulia la Timazi likaisha. Daktari wa mifupa, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimwonyesha picha: mfupa ulikuwa unasaga mfupa. Atakata ncha zote mbili, azivike chuma, katikati aweke plastiki ngumu.

"Ila nitakuachia kombo kidogo, fundi," alisema. "Si lote. Umezaliwa nalo, na kano zako, hizo kamba zinazoshika mifupa, zimelizoea."

"Kombo?" Timazi alicheka kwa dharau. "Mimi nimebomoa nyumba za watu kwa kombo dogo kuliko hilo. Nyoosha mpaka timazi ikubali. Huwezi, sema, nikatafute daktari anayejua kupima."

Nje wagonjwa walikuwa wamejaa benchi mbili, na huyu alikuwa wa tatu kumtukana asubuhi ile. "Haya," daktari alisema. "Utanyooka." Hapo simtetei. Mtu anayeijua kazi yake haiachi kwa hasira.

Miezi minane baadaye mguu ulikuwa umenyooka, kwa macho huna pa kuutoa kasoro. Lakini kwa ndani goti lilivuta kila hatua kama suruali iliyobana, na halikukunja vya kutosha kupanda ngazi. Mguu wa kushoto umebaki na tege lake, kwa hiyo wa kulia sasa ni mrefu, na mwenyewe anachechemea. Jukwaa la ujenzi hapandi. Mwashi asiyepanda jukwaa anaitiwa nini? Nyumbani alifoka juu ya chai, juu ya mlango, juu ya watu waliokohoa. Mkewe alivumilia hadi siku aliyomwona anatia timazi mfukoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa daktari. Alikosea vipimo, na leo atakiri."

Mkewe akajifunga mtandio, akamfuata.

Chumbani kwa daktari, Timazi alivua suruali akasimama, miguu imekaa chini ya nyonga. Akamkabidhi mkewe kamba aishike pale paja linapoanzia. Daktari hakubishana. Alichuchumaa, akangoja chuma kitulie.

"Mama, imepita wapi?" aliuliza.

Mkewe aliinama. "Katikati ya goti. Katikati ya kifundo cha mguu."

"Basi chuma cha goti kimekaa pale pale ulipotaka, fundi. Saizi yake ni yako, sijakuwekea kubwa wala ndogo. Kano ndizo ambazo hukutaka ziulizwe, na mimi nikakusikiliza. Hilo ndilo kosa langu."

"Lirekebishe!"

"Kukufungua tena naweza, na naweza kukuharibia zaidi. Jukwaa siwezi kukuahidi. Kazi ya chini utafanya."

Mkewe alikuwa akikunja kamba taratibu.

"Mdogo wako alikuambia hivyo hivyo, kipya kifuate cha zamani," alisema, "kwenye ukuta wa mama. Ukaupiga teke. Leo umejipiga mwenyewe, basi usimtafute mchawi."

Timazi aliivuta suruali yake, akavaa. Aliona aibu, na ile aibu ilimuuma kuliko goti.

Kesho yake asubuhi alikwenda anakojenga mdogo wake. Mafundi wengine wote alikuwa amewatukana mpaka wakamfungia mlango, na huyu walau ni damu. Mdogo mtu alikuwa juu kabisa ya jukwaa, mwiko mkononi. Alimwona kaka yake anavyochechemea kuvuka mchanga, akaendelea kupanga tofali.

"Mdogo wangu!" Timazi aliita kutoka chini. "Nina neno."

"Panda basi."

Alishika ngazi. Aliinua mguu wa kulia kwenye kipago cha kwanza, akauvuta mwili. Goti likakataa. Alijaribu tena, jasho likamtoka, vibarua wakaacha kazi kutazama. Akaushusha mguu.

"Ukuta wa mama ulikuwa sawa!" alisema.

"Sikusikii, kaka."

"Ukuta wa mama ulikuwa sawa!" Sasa alikuwa anapiga kelele, shingo imemtoka mishipa. "Uliufuata wa zamani, ukafanya sawa! Mimi ndiye niliyeharibu! Nipe kazi ya chini!"

Mdogo mtu alipanga tofali moja, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akafuta ukingo.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," alisema bila kugeuka. "Kazi ya chini ni kuchanganya mchanga na saruji. Koleo hilo hapo."

Timazi akaliokota.