Nililiona Kosa Lake, Nikakaa Kimya

Admin, ukiposti nifichie jina na chuo, maana Waswahili wa Brussels tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, Mtanzania wa Morogoro, niko hapa mwaka wa tatu nasomea uzamivu. Sijaolewa, na kisa changu hakihusu mwanaume, kwa hiyo mliokuja kutafuta ubuyu mnisamehe.

Utafiti wetu ni wa kutafuta namna ya kuwasaidia wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Tunampa mtu zoezi, tunamrekodi, na tunamwomba aseme kwa sauti kila anachofikiri. Kundi la kwanza wakikwama, kompyuta inawapa dokezo. Kundi la pili hawapewi kitu, ili tuone tofauti. Hakuna mshiriki anayejua yuko kundi gani, na mimi ninayekaa pembeni siruhusiwi kusaidia. Tutawaeleza wote utafiti ukifungwa, ila aliyeacha njiani hatafutwi tena.

Siku moja akaja mama wa Kikongo kutoka Bukavu, nimwite Maman Neema, anatunza wazee kwenye nyumba moja kule Laeken. Alikuwa ameanza kozi ya kompyuta ya watu wazima. Aliposikia naongea Kiswahili alinishika mikono yote miwili kwa furaha, akaniita ma soeur, dada yangu. Akaangukia kundi la pili.

Zoezi lilikuwa programu ya kukumbusha saa za dawa, akacheka kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Wagonjwa walikuwa watano, lakini programu yake ikawa inamtaja mmoja tu, wa mwisho. Kosa lenyewe dogo: mstari mmoja ulitakiwa kusogezwa ndani kidogo. Nililiona tangu dakika ya kwanza.

"Ma soeur, kosa iko wapi? Niambie tu."

"Endelea kusema unachofikiri," nikamjibu, kama nilivyofundishwa.

Aliniuliza tena na tena kwa dakika arobaini, na kila mara nilimjibu sentensi ile ile. Mwishoni akavaa koti lake. "Bon," akasema, "kama hata muntu wa luga yetu ananiangalia tu, donc ni kichwa yangu njo haiko bien." Yaani kichwa chake ndicho kibovu. Kwenye kozi yake hakurudi tena.

Kwa kuwa kwenye timu ni mimi tu ninayejua Kiswahili, nilipewa kazi ya kuandika maneno yake yote. Msimamizi wangu anasema rekodi ile ni bora kuliko zote. Mimi nimeisikiliza mpaka sauti imehamia kwangu. Nikiosha vyombo naisikia: "Niambie tu." Nikiwa kwenye tramu naisikia. Juzi napika, dada ninayeishi naye akaniuliza naongea na nani. Kumbe nilikuwa nasema, "Sogeza mstari ndani, mama." Jamani, niliogopa.

Jumamosi iliyopita nilialikwa ubatizo kule Evere, nikamkuta Maman Neema. Nilitaka kujificha, akaniwahi kwa kunikumbatia. Akamvuta binti yake wa miaka kumi na nane. "Huyu njo ule dada wa ordinateur," akamwambia, yaani dada wa kompyuta. Kisha akanigeukia mimi: "Ma soeur, unisamehe sana. Siku ile nilikupotezea temps yako bure."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha!

Nikamuuliza binti anasoma nini. Akasema alitaka kujiandikisha masomo ya kompyuta. Mama akadakia, "Nimemukataza. Ataenda kutunza wazee kama mimi. Alors, kwetu hatuna kichwa ya ile mambo." Binti akainamia sahani yake. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ukweli, ila nikasema, "Haya mama, tuombe uzima." Nikala keki.

Nikimwambia mama ukweli, kwamba alinyimwa dokezo kwa makusudi, kabla utafiti haujafungwa nitakuwa nimevunja kiapo cha siri nilichosaini. Mkataba wangu unaweza kukatwa, na kibali changu cha kuishi hapa kimeshikwa na mkataba huo huo. Lakini mwisho wa binti kujiandikisha ni Ijumaa, na utafiti utafungwa baada ya miezi mingi. Namba ya binti ninayo, alinipa pale pale ubatizoni. Nimeandika ujumbe mara nne na kuufuta.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila msininyamazie kama nilivyomnyamazia yeye.