Ulimi wa Udenkwo

Soko zima la Nkwo lilikuwa likitegemea ulimi wa Udenkwo. Sisi tunaoosha onugbu, majani machungu ya kupikia mchuzi, tunayafikicha ndani ya maji, povu linatoka, tunamwaga, tunarudia mpaka mikono inakauka ngozi. Ukiuza majani yenye uchungu mwingi, wageni wa harusi wanasukuma bakuli kando, na jina lako ndilo linalotajwa. Basi yakionekana yameoshwa vya kutosha, alionja Udenkwo. Akisema tayari, hakuna aliyebisha, hata mimi ninayebisha kila kitu. Kwa kazi hiyo alilea watoto watano, na wanaoumwa tumbo aliwapa maji ya kwanza, yale machungu kama nyongo, bure.

Asubuhi moja ya kiangazi alitafuna jani bichi. Akachukua la pili.

"Mama Ifedi, hebu onja hili," akaniambia. "Mimi naona tamu."

Kwetu hata mtoto anajua: onugbu ikiwa tamu mdomoni mwako, waliokufa wamekwisha kukupakulia chakula. Mama yake Udenkwo ilimwanzia hivyo hivyo, hakumaliza wiki tatu.

Nikalitia jani mdomoni. Lilikuwa chungu, machozi yakanilenga. Lakini niliona alivyong'ang'ania ukingo wa beseni akinitazama mdomoni, nikashindwa kumwambia kweli. Nikatafuna mpaka mwisho bila kukunja uso.

"Tamu kweli," nikasema. "Ni majani ya mwaka huu tu. Ama sivyo tumekwisha sote wawili, na mimi hata nguo ya kuzikiwa sina."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikajiona nina akili.

Hakumaliza mwezi. Hakuumwa popote, alijilaza mchana, hakuamka. Kumbe alikuwa amewasimulia wenzetu kwamba tulionja utamu sote wawili. Wakaacha kupokea beseni mkononi mwangu, kana kwamba na mimi wafu wamekwisha kunipakulia. Nikawaapia kwamba nasikia uchungu kama wao.

"Kila mtu husema hivyo," akajibu muuza magimbi, akasogeza kikapu chake.

Baada ya maziko binti wa Udenkwo, Olachi, alikuja akanishika mikono.

"Mama alikuwa anaogopa sana kufa, wewe unajua. Lakini tangu siku ile alitulia. Alisema, 'Siendi peke yangu. Nitamsubiri Mama Ifedi, tuongozane.'"

Nikasema, "Asante, mwanangu."

Nilikwenda kaburini kwake nyuma ya nyumba, nikaungama. "Mwenzangu, nilikudanganya. Nilikuonea huruma. Tangulia tu, usinisubiri." Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, kisha nikarudi nyumbani.

Kila asubuhi natafuna jani kabla ya kusukutua. Bado ni chungu, namshukuru Mungu. Halafu nashuka kijitoni tunakooshea majani. Mvua haijanyesha miezi mitatu, lakini jiwe alilokuwa akikalia Udenkwo, lililo juu kabisa ya maji, nalikuta limelowa kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi, na mimi ndiye wa kwanza kufika. Naogopa, sifichi. Naosha majani yangu haraka haraka, na nikiwa pale sithubutu kuonja, yasije yakawa matamu.