Daraja Lililosimamia Kijiti

Siku za kazi Honorine alitunza wazee Mount Druitt, pembezoni mwa Sydney. Jumapili, ibada ikiisha, yeye na binti yake Lydie walipanda treni hadi Parramatta kupiga picha daraja la zamani. Mumewe Méthode, fundi wa kuchonga, alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Viza yake ilikuwa imetoka, ila korona ikafunga mipaka ya Australia kabla hajapanda ndege.

"Nitumie kitu cha huko nichonge," alimwambia mkewe kwa simu. "Mikono imelala."

Ndipo Honorine akamtumia daraja: upinde mmoja mpana wa mawe juu ya mto. Akamsimulia kuwa waliolijenga, karibu miaka mia mbili iliyopita, walikuwa wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Ulaya.

"Kumbe na wao waliacha wake zao," Méthode akasema.

"We chonga tu, Baba Lydie. Usinilize kwenye treni."

Honorine alianza kupiga picha ukingo wa upande wa stesheni, kila Jumapili akituma kipande kidogo, Méthode akikichonga. Alipofika katikati, mwaka 2021, Sydney ikafungwa kwa korona. Ruhusa ilikuwa kilomita tano tu kutoka nyumbani. Parramatta ikawa mbali kama Kigoma.

Siku moja Méthode akaelekeza simu kwenye gogo lake la mninga. Nusu ya upinde ilining'inia hewani, kijiti kimeishikilia isianguke.

"Si ukisie upande uliobaki? Mawe ni mawe."

"Nikikisia litakuwa daraja la Méthode, si lile unalosimama juu yake wewe."

Honorine akajifanya mtandao umekata.

Oktoba watu wakafunguliwa, ila wenye viza kama ya Méthode bado wakaambiwa wangoje. Jumapili ya kwanza Lydie alitangulia mbio hadi ng'ambo ya daraja. Honorine akavuka, akateremka ukingoni. Kwenye jiwe moja patasi ya mtu ilikuwa imeacha mistari kama ya kitana. Akapiga picha. Akaweka kidole pa kutuma, kisha akakiondoa. Akapiga simu.

"Umefika? Lete picha, mninga unanikaukia!"

"Nimefika. Sileti."

"Mama Lydie!"

"Nikikupa yote utamaliza, halafu utanikalia huko na daraja lako. Njoo umalizie hapa."

Méthode akacheka. "Unanifunga kamba kama mbuzi?"

"Kama mbuzi."

"Haya. Basi ngoja nibadilishe kijiti, hiki kimeanza kupinda."