Pawatila, Trekta na Nyonga ya Mume Wangu

Mume wangu alivunjika nyonga akitoka mashineni kusaga mahindi. Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye tope la njia ya kuingia kwetu Usevya, akaangukia upande wa kushoto, na gunia la unga likaja juu yake. Alilazwa hospitali Mpanda mpaka mvua zikakata. Aliporudi alikuwa anatembea kwa gongo, na mguu wa kushoto haukukubali tena kukunjika sawasawa.

Msimu uliofuata tulilimiwa na ng'ombe wa kukodi. Mwenye ng'ombe huanza na shamba lake, kisha la ndugu zake, kisha la waliowahi kumwomba. Sisi tulikuwa mkiani. Alipotufikia, mvua nzuri zilikuwa zimeshapita. Mpunga ulitoka mfupi, mapepe matupu. Tukiwa tunaupepeta uani, mume wangu akaniambia, "Mama, tuuze kile kiwanja chetu cha mjini. Tununue mashine yetu wenyewe."

"Mashine gani?"

"Pawatila."

Alishaamua. Pawatila ina magurudumu mawili tu. Unashika mikono yake na kutembea nyuma, kama mtu anayefuata plau. Kwenye majaruba ya mpunga haina mpinzani. Ukiifunga magurudumu ya chuma inakoroga tope mpaka linalainika kama uji. Hayo yote niliyajua. Nikamuuliza kitu kimoja: nani atatembea nyuma yake?

"Wewe," akasema. "Siku hizi una nguvu kunishinda."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imeisha. Mimi ndiye niliyeinuka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Jirani yetu, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na mifugo, alikuwa na pawatila. Akakubali nijaribu kwenye jaruba lake. Nilivua kandambili, nikakunja kitenge, nikaingia. Alipoiwasha nilihisi mtetemo mpaka kwenye meno.

"Shemeji, usishindane nayo," jirani akapiga kelele. "Ukitaka kukata kona, bana hicho kishikio cha upande unaokwenda!"

Nilibana cha upande mwingine. Mashine ikaparamia tuta, ikalipasua, na maji ya jirani yakaanza kukimbilia jaruba la pili. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka na mimi, nikiwa nimejaa tope hadi kifuani. Tulipomaliza kuziba tuta nikarudia, na safari hiyo nilikwenda na kurudi bila kuharibu kitu.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni na gongo lake. Mwanzoni alikuwa ananielekeza kwa mkono. Baadaye aliacha, akawa ananitazama tu. Njiani kurudi nilimwambia, "Umeona? Nimeiweza."

"Nimeona," akasema. Hakuongeza neno mpaka tumefika nyumbani. Nilifikiri angefurahi.

Tulipopata hela ya kiwanja tulikwenda Mpanda, tukafikia kwa dada yangu, mtaa wa Kawajense. Asubuhi tukaenda kwenye yadi ya muuza mashine za kilimo. Pawatila zilikuwa zimepangwa mbele, mpya, zinang'aa. Nyuma yake, karibu na ukuta, yalikuwepo matrekta madogo ya mtumba, yale ya magurudumu manne ambayo unakaa juu ya kiti. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akamweleza yeye habari zote za pawatila, mimi akanipa kiti cha plastiki.

Sikukaa. Nilikwenda ukutani, nikayazunguka yale matrekta. Nikamwita mume wangu. "Baba, njoo upande hili."

"La nini? Tumekuja kuchukua pawatila."

"Panda tu."

"Sikuja hapa kupimwa," akasema, na kijana wa watu akageuka kujifanya anafuta vumbi.

Nikamsogelea, nikamsihi kwa Kipimbwe, lugha ya kwetu, taratibu, maneno ambayo yalikuwa yetu wawili. Akanipa gongo nilishike.

Trekta la kwanza lilimshinda. Ngazi yake ilikuwa juu, na hata alipofaulu kukaa, klachi ilikuwa ngumu. Aliikanyaga kwa ule mguu wa kushoto na jasho likamtoka usoni. Alitaka kushuka aende zake. Muuzaji ndiye aliyesema, "Mzee, hilo jekundu la mwisho ni dogo zaidi. Limechubuka rangi, watu hawalitazami. Ila klachi yake ni laini."

Alipanda lile jekundu kwa kushika usukani na kujivuta. Akakanyaga. Mguu ukafika chini. Akakanyaga tena, kama asiyeamini, kisha akawasha. Moshi mweusi ukatoka, halafu injini ikatulia. Aliingiza gia, akalitembeza polepole kati ya majembe na matela, akazunguka yadi nzima, na aliponipita sikuona kama ananiona. Alikuwa anatazama mbele kama dereva mwenye safari.

Alipozima akabaki amekaa.

"Majaruba je?" akaniuliza. "Hili litazama kwenye tope."

"Litazama, kweli. Lakini mahindi litalima. Litavuta tela. Litafyeka nyasi za uani na kusomba samadi."

"Wewe ulishaiweza pawatila."

"Niliiweza. Kwani ndiyo unyamaze njia nzima siku ile?"

Akainamisha uso, akawa anakwangua rangi ya usukani kwa ukucha. "Nilitaka uwe na mashine ambayo hata nisipokuwepo utalima," akasema. "Pale jirani nilipokuona nikajua utalima. Nikajua pia kwamba mimi nimebaki wa kusimama kwenye tuta."

Nilipanda kwenye ngazi ya lile trekta, nikamshika bega mbele ya kijana wa watu, kitu ambacho sisi hatufanyi hadharani. Nikamwambia, "Nifundishe hili. Tutalima wote."

Tulilinunua, na jembe lake na tela. Lilikuja Usevya juu ya lori, na watu wakatoka majumbani kulitazama.

Kuhusu majaruba, nilimwendea jirani na mkewe tukapatana: pawatila yao itakoroga majaruba yetu, na trekta letu litawasombea mavuno kutoka mbugani, kule bondeni kwenye majaruba, hadi ghalani. Msimu wa kwanza mume wangu alijaribu ubishi, akaliingiza kwenye mbuga iliyoloa. Likazama mpaka kwenye ekseli. Ng'ombe wa jirani ndio waliolivuta, huku mkewe akilisemesha trekta kwa Kisukuma kama anavyosemesha fahali mkaidi. Tangu hapo tunalima mapema, udongo ukiwa na unyevu kidogo tu.

Nyonga haijapona na daktari ametuambia ukweli kwamba haitarudi ilivyokuwa. Zipo asubuhi ambazo hawezi kupanda trekta, nami ndiye ninayelima. Zipo siku anashinda juu yake, anarudi na vumbi kwenye nyusi, ana njaa, na anataka kunieleza kila kona aliyokata. Mwaka huu tumelima kile kipande cha nyuma ya nyumba kilichokuwa na vichuguu na visiki, ambacho tangu nimeolewa sikuwahi kuona jembe likiingia. Tumepanda alizeti. Ugomvi wetu mkubwa sasa ni kiti: yeye hukisogeza nyuma kwa ajili ya mguu wake, mimi hukivuta mbele kwa sababu mimi ni mfupi, na kila anayepanda hulalamika kwa sauti ili mwenzake asikie.