Farasi wa Fedha kwenye Sahani

Nianze na aibu yenyewe, ili wa kucheka acheke mapema: mimi Bana Chanda, yaani mama Chanda, mtu mzima, mjane, muuza samaki wa Kashikishi ziwani ninayejulikana hadi Chienge, niliwahi kujiozesha mwenyewe mbele ya wanawake wa kwaya, na sikujua kama nimeolewa mpaka mgeni alipomaliza kula kuku. Ilikuwa miaka ile ya Shirikisho la nchi zetu tatu chini ya Waingereza, Malkia wao ametawazwa juzijuzi tu.

Lazima kwanza niwaambie habari ya kopo. Marehemu mume wangu alifanya kazi migodini, na kila alipokuja likizo aliniletea sarafu moja kubwa ya fedha, zile za shilingi tano ambazo wazungu walizitengeneza kwa ajili ya kumbukumbu, siyo za kununulia chumvi: moja ya mfalme kuvishwa taji, moja ya mfalme kuja Afrika na watoto wake, moja yenye meli ya wazungu wa kwanza kufika kule kusini. Nilizitunza kwenye kopo la majani ya chai, kila moja na kitambaa chake. Iliyokosekana ni moja tu, iliyotolewa mfalme wa zamani alipotimiza miaka ishirini na mitano ya kutawala, ina mtu juu ya farasi anapigana na joka. Mume wangu aliitafuta mpaka akafa, na mimi nikaendelea, mwanzoni kwa kumkumbuka, baadaye (niseme ukweli) kwa ubishi tu, nikatangaza ufukwe mzima na ng'ambo Kongo kwamba mwenye ile ya farasi aje aseme anachotaka. Ndivyo nilivyosema, aje aseme anachotaka.

Na desturi yetu naijua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wasichana wa pale. Mwanaume akitaka mwanamke haendi mwenyewe, anamtuma mshenga, sisi tunamwita shibukombe, naye anakuja na sahani mbili zimefunikana, ndani kuna pesa kidogo, tunaiita nsalamu. Mwanamke akiichukua amekubali, asipotaka sahani inarudi ilivyokuja. Wasichana wangu niliwaambia wakae na mikono mapajani, wasiwe na haraka.

Basi Jumamosi hiyo wanawake wa kwaya walikuwa kwangu, tunachagua chisense, wale samaki wadogo wa kuanika, na dada yangu mkubwa Bana Kabwe amekaa kwenye kigoda anatoa amri bila kugusa samaki, ndipo akaja mzee Mulenga. Mzee huyu alikuwa mchuuzi wa sindano na shanga, na alishaniletea mara mbili kitu alichoapa kwamba ndiyo ile ya farasi, mara ya kwanza kikawa kifungo cha koti la askari, mara ya pili medali ya vita ya shemeji yake. Kwa hiyo nilipomwona amevaa koti katika jua lile na ameshika sahani mbili, sikujiuliza koti ni la nini, nilifunua sahani kabla hajakaa.

Ilikuwa yenyewe. Farasi, joka, na upande wa pili kichwa cha mfalme. Niliichukua, nikaipangusa kwa kitenge, nikaipiga kwenye jiwe nisikie mlio wake, na mlio ukawa wa fedha kweli.

"Mayo, mama, ngoja kwanza nizungumuze," mzee akasema.

"Utazungumuza kisha ya kula," nikamwambia. "Weye sema tu unataka nini, leo mi sikatai kitu."

Dada yangu akapiga vigelegele, wanawake wakaitikia, na mimi (hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze hata leo) nikadhani wanalifurahia kopo langu, nikaguswa moyo kabisa, nikaibandika sarafu kwenye paji la uso nikacheza nayo mpaka mlangoni na kurudi, kisha nikaagiza kuku mwekundu achinjwe, yule aliyekuwa anataga. Mzee Mulenga alikula taratibu, akamaliza mpaka firigisi, akanawa, ndipo akauliza Ba Kasongo aje siku gani.

Nikauliza Ba Kasongo aje kufanya nini.

Wanawake wakaacha kuchagua samaki. Dada yangu akainama sikioni kwangu, lakini sauti yake haijawahi kuwa ndogo. "Umekamata nsalamu, mwana wa mama. Umeipiga na jiwe, umecheza nayo, umechinja kuku. Unataka tuongeze nini ingine?"

Ba Kasongo alikuwa seremala wa mashua, mtu wa Pweto ng'ambo ya ziwa, mjane kama mimi, mpole, mwenye mikono mizuri ya kazi. Sikuwa na neno baya juu yake. Ila nilikuwa nimezoea kulala katikati ya kitanda, na kupika ninapotaka, na sikutaka mume yeyote, hata angekuwa malaika. Ningeirudisha sarafu palepale ningechekwa siku mbili na yangekwisha. Lakini ingekuwa kumrudisha farasi. Nikasema tutaongea, nikaifunga kwenye pindo la kitenge, na watu wakaelewa kwamba mama ameona haya kama msichana.

Jumapili kanisani niliitwa bibi arusi na watu ambao hatukuwa hata tukisalimiana, na mmoja akaniuliza kama nitahamia Pweto. Nikacheka tu. Jumatatu nateremka bandarini namkuta Ba Kasongo amepiga magoti ndani ya mashua yangu, ile iliyokuwa inavuja tangu mvua, ameshang'oa ubao mbovu na anaingiza mpya, na wavuvi wamemzunguka wanamtania, naye anatabasamu tu. Hapo nikashindwa. Mtu alikuwa anafanya kazi ya mume, na mimi nimefunga farasi wake kwenye nguo.

Kurudisha nako kuna adabu yake, ilinipasa nimpelekee mshenga kwa sahani, kimyakimya. Mimi niliifungua palepale mbele ya wavuvi na wachuuzi, nikamnyooshea mkononi kama mtu anayerudisha chenji.

Aliipokea, akaitazama.

"Bana Chanda," akasema, "kama ungeniomba tu ile falanga, ningekupatia bila sahani. Mi nilizania uliikamata juu ya kunitaka miye."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Yeye akaiweka mfukoni, akapiga magoti tena, akaumaliza ule ubao, maana alisema mashua haiachwi hivyo, watu wanaingia majini. Nikampelekea samaki, akawakataa kwa heshima.

Mwaka uliofuata alioa mwanamke wa Kafutuma, jirani na kwetu, kwa mshenga yuleyule na sarafu ileile. Nasikia bibi arusi alikaa na mikono mapajani muda mrefu mpaka watu wakaogopa, ndipo akaichukua kwa vidole viwili. Kisha mumewe akamtobolea, tundu likapita katikati ya kichwa cha mfalme, na sasa anaivaa shingoni, anakuja nayo kununua samaki kwangu kila siku ya soko, na inanibidi nimsalimie yeye kwanza, siyo farasi.

Tangu hapo mtu akiniletea kitu, hata kama ni barua, hata kama ni ndoo yangu mwenyewe niliyomwazima, nanyamaza mpaka amalize kusema. Na ya farasi siitafuti tena. Juzi yule mama aliniona naitazama, akaniuliza kwa wema kabisa kama nataka kuishika. Nikamwambia hapana, nilishaishika.