Karani wa Mchango wa Paa

Nianze na ujinga wangu kabla hamjausikia kwa wengine: siku yangu ya kwanza kazini nilimwambia mzee wa watu kwamba anayekaa chini hachangii paa. Nikamwandikia na cheti.

Kazi yenyewe nilipewa na Mweka Hazina wa Jengo, ambaye nyumbani ni mama yangu. Jengo letu hapa Karatu ni la ghorofa, kaya tatu chini, tatu juu. Shamba la kahawa liliwajengea wafanyakazi wake, na anayestaafu hupewa humo pa kuishi mpaka afe, kwa sharti moja: kila mwezi atoe mchango wa matengenezo. Paa, ngazi, mifereji na tangi la maji havina mwenyewe, kwa hiyo ni vya wote. Anayeshindwa fungu lake humpisha mstaafu mwingine. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati ya shamba, zamu zilimbana, nami nilikuwa kidato cha pili, mwandiko mzuri, tabia mbaya. Alinikabidhi daftari akasema, "Andika unachopewa. Usiandike unachofikiri."

Nikavaa tai ya shule, nikachomeka kalamu sikioni. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Babu Mghenyi, aliyetoka Singida akiwa kijana akapogoa kahawa, yaani kukata matawi yaliyochoka, mpaka mgongo wake ukapinda. Wiki ileile alikuwa amelipwa kiinua mgongo. Kusoma hakujua. Alinipa kigoda, akaniomba nimfanyie makisio, ndiyo hesabu ya kuipanga fedha kabla haijatoka mfukoni: unga kiasi gani, mafuta ya taa kiasi gani, na hilo paa kiasi gani, ili kitakachobaki amnunulie binti yake cherehani.

Sasa, mimi na yeye tulikuwa watani, kama ilivyo babu na mjukuu. Yeye aliniita mume mwenzake, mimi nilimwita kibogoyo.

"Kibogoyo, wewe unakaa chini," nikamwambia. "Paa lako ni sakafu ya wa juu. Bati lina wenyewe."

"Kwa hiyo mimi silipi?"

"Utalipa siku sakafu ikivuja."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikachana karatasi, nikaandika HACHANGII PAA, nikagonga muhuri kwa kizibo cha soda nilichokipaka wino. Akaikunja, akaitia ndani ya kofia. Mimi nilijua tumetaniana. Yeye alijua amehudumiwa. Utani una mlango wake na ukarani una wake. Mimi nilisimama katikati nimeshika daftari, mzee angetofautishaje?

Mwezi wa pili nikamwona anapandisha cherehani mpya kwenye basi la Singida, na hapo nikaelewa kwamba cheti changu alikiamini, na fedha ya paa imeingia kwenye cherehani. Ningesema siku ile, ingekuwa aibu ya dakika tano na mchango wa miezi miwili. Sikusema. Kila mwezi nilichora kistari mbele ya jina lake, na mama akiuliza nikamwambia Babu atalipa kwa mkupuo. Mama aliamini, maana Babu hakuwa mtu wa madeni.

Masika ikaingia. Kaya za juu zikaanza kupanga sufuria chini ya matundu. Miaka hii bati halinunuliwi kama pipi. Ni adimu, mpaka upate kibali, na kibali chetu kilipotoka tulipewa wiki moja kulipia, la sivyo wapewe wengine. Mwenyekiti wa Jengo, ambaye kwa bahati mbaya ndiye mwalimu wangu wa hesabu, akaita mkutano ngazini. Akasoma mafungu. Alipofika kwa Babu Mghenyi akahesabu vistari.

Babu akavua kofia, akamkabidhi ile karatasi kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba yeye alishaandikiwa na ofisi.

Mwenyekiti aliisoma, akausogeza ule muhuri wa kizibo karibu na macho. "Nani ameandika hii?"

Nikatazama viatu. Watu wote wakanitazama mimi, na Babu akawatazama watu. Ndipo akaelewa.

"Ni mjukuu wangu," akasema taratibu. "Alikuwa ananitania. Mimi ndiye niliyesahau."

Alilibeba kosa langu mbele ya jengo zima, nami nikamwachia alibebe. Wenzake wakamlipia fungu kwa mkopo, arudishe kabla kiangazi hakijaisha au akabidhi ufunguo. Siku ya tatu akapanda lori la vitunguu kwenda Mang'ola kulinda mashamba ya watu, na blanketi moja na panga. Mimi nilimbebea mzigo mpaka barabarani, nikamwita kibogoyo. Hakucheka. Akasema, "Asante, karani."

Ninyi mtakaoshika daftari baada yangu, mstaafu akiwauliza makisio, andikeni paa kwanza, kabla ya unga. Unga ukipungua anajua mwenyewe jioni ileile. Paa humsubiri mpaka fedha iishe. Na mkitaka kutania, wekeni kalamu chini.

Niliporudi kutoka barabarani siku ile nilimweleza mama yote, na vistari, na kizibo. Nikaweka daftari mezani, nikamwambia kazi hii nimeacha, sitaki tena. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kumbe kati yenu wawili," akasema, "aliyestaafu ni wewe."